Watoto hufungiwa kwa kufuli kutoka nje: tumsaidieje jirani yetu apate nyumba salama?

BARUA YA MSOMAJI

Kwako Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Nyalenda B hapa Kisumu, na ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Wengi wetu ni wafanyabiashara wadogo wadogo: kuna wauza samaki, kuna mafundi wa cherehani kama mimi, na wachache hufua nguo katika nyumba za watu huko Milimani. Ninakuandikia kwa sababu chama chetu kimegawanyika kuhusu familia moja ambayo tungependa kuisaidia, na kwa kuwa ni mimi ninayeishi karibu nayo zaidi, wenzangu wamesema nitakaloamua ndilo watakalolifuata.

Mama wa familia hiyo nitamwita Mama Awuor. Mume wake alifariki mwaka wa 2023, na mafuriko ya mwaka uliofuata yakaibomoa nyumba yao ya udongo kule Kano. Shemeji zake walimwambia kwamba watamjengea nyingine iwapo atakubali kurithiwa na mmoja wao. Alikataa, akaja mjini na watoto wake watatu: msichana wa miaka kumi na miwili, mvulana wa miaka minane, na kitinda mimba ambaye sasa ana miaka mitatu. Alipata chumba kimoja cha mabati katika ploti iliyo bondeni karibu na mto Auji, kwa kodi ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Mvua kubwa ikinyesha usiku, maji huingia ndani mpaka yakalowesha godoro, na watoto hukalishwa juu ya meza hadi kupambazuke. Upande wa pili wa ukuta, ambao ni mabati tu yenye matundu ya misumari, kunauzwa chang'aa. Choo ni kimoja kwa ploti nzima, kiko nyuma, hakina taa wala komeo, na yule msichana aliniambia kwamba ikifika jioni huwa hanywi maji ili asishikwe na haja usiku.

Mama Awuor huuza mboga. Huondoka saa kumi alfajiri kwenda soko la Kibuye kuchukua sukuma wiki na nyanya kabla bei haijapanda, na kwa kuwa anawaogopa walevi wa jirani, huwafungia watoto kwa kufuli kutoka nje na kwenda na ufunguo. Hurudi saa moja, siku nyingine saa mbili, na hapo ndipo wale wakubwa hukimbia shuleni wakiwa tayari wamechelewa. Asubuhi moja mtoto mdogo aliangusha koroboi, na pembe ya godoro ikashika moto. Nilisikia mayowe nikakimbia, lakini mlango ulikuwa umefungwa na sikuweza kufanya lolote ila kumpigia msichana kelele kupitia ufa wa bati, nikimwambia amwage maji yote ya mtungi juu ya godoro na kuwaweka wadogo zake chini kabisa karibu na mlango, mahali ambapo hewa ilikuwa ikiingia. Aliuzima moto huo peke yake. Mama yake alipofika, alilia, na kesho yake akawafungia tena, kwa maana hana la kufanya.

Jambo jingine ndilo linaloninyima usingizi. Keyateka, yaani mwangalizi wa ploti hiyo, mwanamume wa makamo, amekuwa akimwambia Mama Awuor kwamba asiwe na haraka ya kulipa kodi, na sasa ni mwezi wa pili tangu alipe mara ya mwisho. Wakati huohuo amekuwa akimletea yule msichana mkate na soda, na nimewahi kumkuta akimtuma ampelekee maji chumbani mwake, mama mtu akiwa sokoni. Nilipomweleza Mama Awuor, alikasirika, akasema kwamba mtu huyo ndiye pekee katika mji huu anayemwonea huruma.

Chama kimechanga shilingi 18,000. Baadhi ya wenzangu wanataka tumtafutie chumba cha mawe huko Manyatta, katika ua wenye lango na choo kinachofungika, ambacho kodi yake ni shilingi 4,500. Tukilipa dipoziti na miezi mitatu ya kwanza, pesa zote zitakuwa zimekwisha. Wengine wanasema huko ni kumwaga maji mchangani, kwa sababu mtu anayeshindwa na 2,000 hawezi kulipa 4,500, na kwamba ni afadhali watoto wapelekwe katika makao ya watoto mpaka mama yao asimame vizuri. Mwenyekiti wetu anataka tupeleke habari hii kwa afisa wa watoto. Mama Awuor aliposikia hivyo alinishika mikono, akaniapisha nisiende, kwa kuwa anaamini kwamba watachukuliwa wote watatu. Kisha akaniambia: "Dada, ukinitoa hapa halafu kodi inishinde mwezi wa nne, utakuwa umenitoa mahali ambapo kuna mtu wa kunivumilia."

Nami nina chumba kimoja nyuma ya nyumba yangu. Kijana wa bodaboda hunilipa shilingi 3,500 kwa mwezi, na pesa hizo ndizo karo ya mwanangu aliye kidato cha tatu. Mume wangu hataki tumwondoe mpangaji anayelipa vizuri. Pendekezo lake ni kwamba tumchukue yule msichana pekee aje akae nasi, asaidie kazi ndogo ndogo na aendelee kusoma. Nilitaka kukubali, lakini moyo wangu umekataa kutulia na sijui ni kwa nini. Je, tumhamishe mama huyu hata kama hataki? Nimchukue msichana? Niende katika ofisi ya watoto ilhali ameniomba nisiende? Na je, ninakosa mbele ya Mungu kwa kumwachia chumba changu mtu ambaye hana shida, huku watoto wa jirani wakilala majini?

Jirani Mwenye Wasiwasi,
Nyalenda B, Kisumu

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona mtu ambaye amewatazama watoto hawa kwa makini kuliko wengi wangewatazama. Si kila jirani hujua kwamba mtoto wa watu hanywi maji jioni, na kwa nini hanywi.

Kama nimekuelewa, mnataka watoto watatu walale mahali ambapo hawatafikiwa na maji, moto wala mtu wa kuwadhuru. Mnazo shilingi 18,000, mama ambaye hataki kuhama, chama chenye kauli tatu zisizopatana, na mume aliyetoa pendekezo lenye nia njema ambalo hata hivyo linakutia shaka. Mnalizungumzia jambo hili kama suala la nyumba, na ni kweli kwamba chumba hicho hakifai watoto. Hata hivyo naona mambo mawili yaliyochanganyika humo, nalo moja haliwezi kungoja mpaka nyumba ipatikane.

Ninamaanisha keyateka. Sisemi kwamba mtu huyo ametenda uovu, kwa kuwa wewe hukushuhudia hilo na mimi siko huko. Lakini zawadi kwa mtoto wa kike, deni linaloachwa likue kwa mama yake, na kuitwa chumbani wakati mama hayupo ni mambo ambayo, yakikutana kwa mtu mmoja, watu wanaofanya kazi ya kuwalinda watoto hawayapuuzi. Deni hilo linanisumbua kuliko mkate na soda, kwa sababu mama anayedaiwa kodi ya miezi miwili na mtu aliyeonyesha wema hujikuta hana sauti ya kumwambia mtu huyo akae mbali na mwanawe. Hasira aliyokuonyesha huenda haikuwa ya kukutilia shaka wewe. Huenda ulimwambia jambo ambalo yeye mwenyewe amelihisi, akakosa nafasi ya kulitazama kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Kwa hiyo fikirini iwapo sehemu ya zile pesa, hata kabla ya kuzungumzia kuhama, inaweza kulipa malimbikizo hayo. Zilipwe kwa mwenye ploti mwenyewe, kwa simu au kwa risiti iliyoandikwa jina la Mama Awuor, wala zisipitie mikononi mwa keyateka. Zitakuwa takriban shilingi 4,000, na najua wenzako watauliza kwa nini mlipie chumba ambacho mnataka atoke. Jibu langu ni kwamba mtu asiyedaiwa huweza kukataa, na huweza pia kuhama mchana kweupe bila kuzuiliwa vyombo vyake.

Kuhusu msichana mwenyewe, wewe ndiye uliye na nafasi ya kuzungumza naye, kwa maana sauti yako ndiyo aliyoisikia siku ya moto. Usimwite kumhoji. Mwacheni akusaidie kupanga vitambaa, na katika maongezi muulize ni nani humpa vitu, humwambia nini anapompa, na kama kuna mtu anayemfanya asijisikie vizuri. Usimwahidi kwamba utaificha siri atakayokuambia, kwa kuwa huenda usiweze kutimiza ahadi hiyo. Ikiwa atakueleza kwamba ameguswa au ametendewa jambo baya, hapo mazungumzo ya chama na ya chifu hayatoshi. Hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, si jambo la kumalizwa na wazee kwa faini. Mtoto apelekwe hospitali ya umma mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinafaa tu zikianzwa ndani ya saa 72, asiogeshwe kabla ya kuonekana na daktari, na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Nambari 116 ni ya simu ya watoto, nayo 1195 ni ya watu waliofanyiwa ukatili wa kijinsia; zote mbili hupigwa bila malipo. Katika hali hiyo ombi la mama yake la kutokwenda popote halitakuwa na uzito uleule, na naamini unalijua hilo.

Sasa turudi kwa nyumba. Nakuomba uyatazame upya maneno aliyokuambia Mama Awuor kuhusu mwezi wa nne. Wenzako wengine wameyachukua kama ukaidi au woga, lakini mimi naona hesabu iliyopigwa na mtu ambaye ameshaipoteza nyumba moja na anajua gharama ya kuipoteza ya pili. Dipoziti na miezi mitatu ni zawadi kubwa, lakini humfikisha mtu mlangoni tu. Anachouliza yeye ni kama ataweza kubaki ndani. Kumbuka pia kwamba wateja wa mama mboga ni wale wanaomjua, wanaochukua leo na kulipa kesho. Manyatta si mbali kwa anayepanda pikipiki, lakini kwa anayeanza kutandika nyanya mbele ya watu wageni, miezi mitatu hupita kabla hajajulikana, na watoto huenda wakalazimika kubadilisha shule au kutembea mwendo mrefu gizani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Mpangaji wa chumba kama hicho hawezi kufukuzwa kihalali, wala vyombo vyake kuchukuliwa kwa ajili ya kodi, bila idhini ya jopo linaloamua mizozo ya kodi. Akihamia chumba cha 4,500 anakuwa nje ya ulinzi huo. Sitaki nikupe matumaini ya bure, kwa sababu sote tumeona milango ikitolewa bawaba na paa zikiezuliwa kabla hata mpangaji hajajua kwamba jopo hilo lipo. Sheria humsaidia zaidi aliye na risiti zake na mtu wa kusimama pamoja naye. Chama chenu kinaweza kuwa mtu huyo, popote atakapoishi.

Vilevile naomba muipime tena ile kauli kwamba aliyeshindwa na 2,000 hawezi 4,500. Je, ni kweli kwamba alishindwa, au aliambiwa asilipe? Hayo si mamoja. Kaa naye siku moja, si kama mweka hazina bali kama mfanyabiashara mwenzake, mwandike anachoingiza kwa siku nzuri na kwa siku ya mvua, chakula, sare, na kile anachokopa Kibuye. Huenda mkakuta kwamba 4,500 haiwezekani kabisa lakini 2,500 anaiweza bila shida. Hapo swali litabadilika, na mtaanza kutafuta chumba katika sehemu za juu za Nyalenda hiihii, ambako maji hayafiki, karibu na wateja wake na karibu na wewe. Mkikipata cha shilingi 3,000, mtalipa dipoziti na mwezi wa kwanza kwa shilingi 6,000, malimbikizo kwa 4,000, na zitabaki 8,000 ambazo mnaweza kumwongezea 1,000 kila mwezi kwa miezi minane. Atakuwa analipa 2,000 zilezile anazozijua huku akijijenga.

Njia hiyo nayo ina hatari zake. Vyumba vya bei hiyo vilivyo mahali pakavu hugombaniwa. Ahadi ya miezi minane huhitaji chama kisichosahau na kisichomsimanga, na mtu anayepewa kidogo kidogo kila mwezi anaweza kuhisi kwamba anachunguzwa kila anaponunua nyama. Mkienda kutazama chumba, msiende mchana tu wakati wa jua. Waulizeni majirani maji yalifika wapi mwaka wa 2024, kwa sababu alama huwa bado iko ukutani. Tazameni kama komeo liko upande wa ndani, nani mwingine ana ufunguo, choo kiko hatua ngapi kutoka mlangoni, na ni nani anayeishi upande wa pili wa ukuta. Na nendeni na msichana, kwa maana ataona mambo ambayo ninyi watu wazima hamtayaona.

Hata hivyo, dada, kuna jambo ambalo hakuna nyumba itakayolimaliza, ya mabati wala ya mawe. Mama Awuor akihamia Manyatta, bado ataamka saa kumi alfajiri kwenda Kibuye, na kufuli ile ataenda nayo. Chumba cha mawe chenye lango la chuma, kikiwa kimefungwa kutoka nje na ndani mna watoto watatu na koroboi, si salama kuliko hicho alicho nacho. Wenzako wamezungumza sana kuhusu kuta, lakini sikuona katika barua yako kwamba kuna mtu aliyeuliza ni nani anakaa na watoto kati ya saa kumi na saa moja. Mimi naona kwamba saa hizo tatu ndizo kiini cha jambo lenu.

Zipo njia ndogo ambazo hazihitaji kungojea mkutano. Taa ya sola ya bei nafuu mahali pa koroboi ingeondoa moto mwingi. Ufunguo wa pili ukikaa kwako, hutasimama tena nje ya ufa wa bati, na hata jibu atakalokupa ukimwomba ufunguo huo litakuonyesha anakuamini kiasi gani. Kwa kuwa ndani ya chama wamo wauza bidhaa wengine wanaokwenda sokoni, huenda mmoja wao akamchukulia mboga siku kadhaa za wiki kwa malipo ya usafiri tu, naye asitoke kila siku. Mnaweza pia kupeana zamu ya kukaa na watoto. Ninakuonya tu kwamba zamu za kujitolea huanza kwa moyo mkunjufu na hulegea watu wanapochoka, nayo siku ambayo mwenye zamu hakufika ndiyo siku ambayo mama ameondoka akiamini kwamba atafika. Afadhali siku mbili za uhakika kuliko saba za matumaini.

Ukiyaona hayo, utaelewa pia kwa nini moyo wako haukutulia kuhusu kumchukua msichana. Ni yeye aliyeuzima moto. Ukimtoa yeye peke yake, atabaki mtoto wa miaka minane akimlinda wa miaka mitatu, mlango ukiwa umefungwa vilevile. Na yeye mwenyewe atalala kwako akiwaza kinachoendelea huko. Halafu kuna hizo kazi ndogo ndogo. Simjui mume wako, na naamini kwamba anamtakia mtoto mema, lakini wasichana wengi katika nchi hii walikwenda kukaa na watu wema wakiwa wanafunzi, na kazi ikakua mwaka hadi mwaka mpaka masomo yakasahaulika. Kabla ya kumpokea, ni haki kujiuliza atalala chumba gani, atafanya kazi kiasi gani ukilinganisha na watoto wako, ataonana na mama yake lini, na ataweza kumwambia nani iwapo jambo ndani ya nyumba yenu litamkera. Kila nyumba inayompokea mtoto wa mwenzake ingefaa kujiuliza hivyo, hata iliyo njema kabisa.

Sijasema usimchukue. Ikiwa mazungumzo yenu yataonyesha kwamba keyateka ni hatari ya karibu, siku chache kwako, kwa ridhaa ya mama yake na kwa muda unaojulikana, zinaweza kuwa kinga ya maana. Inafaa tu iwe wazi kwa wote kwamba ni kinga ya muda, na kwamba wadogo zake hawajasahauliwa.

Kuhusu makao ya watoto, nitasema kwa kifupi. Serikali yetu yenyewe ilizindua mwaka wa 2022 mkakati wa miaka kumi wa kuhamisha malezi kutoka makao hayo na kuyarudisha katika familia, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema kwamba umaskini pekee usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na mzazi wake. Watoto hawa wana mama anayewapenda na anayeamka alfajiri kwa ajili yao. Shida yao ni chumba na pesa. Wenzako waliotoa wazo hilo wana huruma, lakini waulizwe kama wamewahi kufikiria kwamba mvulana na dada zake huenda wakalazwa mahali tofauti, na kwamba kuingia ni rahisi kuliko kutoka.

Hofu ya Mama Awuor kuhusu ofisi ya watoto ni ngumu zaidi, na singependa uipuuze. Sheria ya Watoto ya 2022 inayataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na inamwadhibu pia mzazi anayemtelekeza mtoto. Afisa akisikia habari za kufuli na moto bila kusikia habari za walevi na mafuriko, anaweza kuliona jambo kwa jicho ambalo mama huyu analiogopa. Siwezi kukuahidi afisa ataamua nini. Ninachokiona ni kwamba kwenda kisirisiri ni jambo moja, na kwenda naye, ukiwa shahidi wa jinsi anavyohangaika, ni jambo jingine kabisa. Unaweza kupiga 116 kwanza, ukaeleza hali bila kutaja jina la mtu, ukauliza ofisi hufanya nini katika hali kama hiyo, kisha ukampelekea Mama Awuor majibu hayo aamue akiwa na habari kamili. Ofisi hiyo pamoja na chifu ndio pia njia ya kuuliza kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali ambao huzilipa familia zinazolea yatima shilingi 2,000 kwa mwezi. Hupokelewi siku unayoomba, lakini jina lisiloandikwa haliwezi kufikiriwa. Na kwa kuwa Katiba, katika Kifungu cha 43, inataja makazi yanayofaa kuwa haki ya kila mtu, na Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya malazi, hamwendi huko kuomba hisani.

Jambo la Kano lisisahaulike, ingawa halitamlaza mtoto mahali pakavu mwezi huu. Sheria ya Urithi haimlazimu mjane kurithiwa na shemeji ndipo apate fungu lake na watoto wake katika mali ya marehemu. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, ina ofisi hapa Kisumu na huwasaidia akina mama katika mambo kama hayo. Huenda asitake kurudi kwenye ardhi inayofurika, lakini ni vyema ajue kwamba haikupotea.

Nimefika katika swali lako la mwisho, ambalo umelifunga kwa jina la Mungu. Dada, chumba hicho ndicho karo ya mwanao, naye pia ni mtoto uliyekabidhiwa. Sioni kosa katika kumlinda. Lakini hesabu ambayo hamjaipiga ni hii: ikiwa Mama Awuor anaweza kulipa 2,500, basi tofauti kati yake na mpangaji wako ni 1,000, ambayo ni ileile 1,000 ambayo chama kingemwongezea popote pengine. Karo haingepungua kwa muda huo, na saa kumi alfajiri watoto wangekuwa uani kwako. Kwa upande mwingine, utakuwa mwenye nyumba wa rafiki yako. Siku kodi itakapokosekana ni wewe utakayebisha mlango, na urafiki mwingi umeishia hapo. Pesa za chama zitakwisha siku moja, na itafaa mjue mapema mtafanya nini siku hiyo. Yule kijana wa bodaboda naye hajakosa lolote, na anastahili notisi ya haki na muda wa kutafuta pengine. Kuna pia mume wako, ambaye ameshasema neno lake, na msaada utakaoingia nyumbani bila ridhaa yake huenda ukawaumiza hao hao unaotaka kuwasaidia.

Pengine ungeketi naye kwanza, hesabu hizi zikiwa kwenye karatasi, umsikilize anachokiogopa hasa: je, ni pesa, ni kelele za watoto, au ni kupoteza utulivu wa nyumba yake? Kisha mkutano wa chama utakapoitishwa, fikiria kumwalika Mama Awuor aketi nanyi tangu mwanzo, kwa sababu mpaka sasa amekuwa akipelekewa habari za mambo ambayo watu wengine wameyajadili kumhusu yeye. Mpeni nafasi aeleze nyumba anayoiona kuwa salama ni ipi, na ni nini kingemfanya aache kufunga ile kufuli. Utakapojua alivyojibu, niandikie tena.

Mshauri wako